Boti ya Maharagwe Kutoka Minova

Asubuhi ile Minova ilikuwa na ukungu, na ziwa lilikuwa limetulia hata usingejua maji yanaishia wapi. Tulipakia maharagwe ya kuuza Goma, kama kila siku ya soko. Boti ilikuwa ya Papa Byamungu, na kwenye mti wa mbele alikuwa amefunga kitambaa cheupe. Maana yake ilikuwa kwamba hatuna bunduki na hatubebi askari wa upande wowote wa vita. Askari akiomba nafasi, Papa Byamungu alimjibu kwa upole, "Mukubwa, hii boti ni ya chakula tu."

Nikueleze desturi yetu sisi mama wa biashara. Safari ni ndefu, mlio wa injini huleta usingizi, na gunia lisilo na mwenyewe huchukuliwa bandarini. Basi ukitaka kulala, unafunga ncha ya kitenge ulichojifunga kiunoni kwenye gunia. Likivutwa, unaamka.

Mdogo wangu Furaha, aliyeniita yaya, yaani dada mkubwa, alifunga mafundo mawili. Mama Chantal, jirani yetu wa mtaa wa Birere, akamtania.

"Ile gunia njo bwana yako?"

"Bwana anaweza kimbia, mama. Gunia haikimbiake."

Akalala, kichwa juu ya maharagwe. Nami nilifunga fundo moja, nikasinzia. Goma ilikuwa imeanza kuonekana mbele yetu, nyepesi, kama mji uliochorwa kwa moshi.

Kombora lilitoka upande wa vilima. Sikulisikia likija.

Maji yalisimama wima, kisha yakatuangukia.

Boti ikakatika katikati.

Fundo langu lilifunguka. Mafundo ya Furaha yalikuwa yamelowa na kukazana, na gunia lilikuwa likimvuta chini. Nilimshika mkono.

"Fungua kitenge."

"Inakatala, yaya."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekuambia mlango umekwama. Kisha mkono wake ukateleza. Kitenge chake cha manjano kilitanuka chini yangu, kikashuka polepole, mpaka rangi ikaisha.

Wavuvi walituokota mimi na Mama Chantal. Papa Byamungu hakuonekana tena.

Watu huniuliza ni nani aliyepiga. Kila upande ulisema si wao, na kila upande ulisema tulibeba silaha. Jibu hilo nimeacha kulitafuta.

Wasichana wanaoanza biashara hii huja kwangu, nami huwafundisha kila kitu kwa furaha: bei, mizani, namna ya kuchagua maharagwe. Halafu nawaambia, laleni bila kujifunga. Gunia likiibwa, njooni kwangu, tutakula pamoja.

Wengine hunisikia. Wengine hujifunga, kwa sababu gunia moja ndilo chakula cha nyumba nzima, na mimi siwezi kuwaambia kwamba wamekosea.