Siku Tulipomlilia Marie-Louise

Kuna sauti moja ambayo huniinua kitandani hata Jumapili mchana, na mnaonijua mnafahamu kwamba kuniinua kitandani si kazi ndogo: ni sauti ya viti vya plastiki vikiburutwa juu ya saruji. Hapa Likasi sauti hiyo ina maana mbili tu, ndoa au matanga, na mtu hangoji muda mrefu kujua ni ipi. Kwa ndoa huanza muziki. Kwa matanga huanza mwanamke mmoja. Wiki iliyopita viti viliburutwa kwa jirani, nami nikasimama dirishani na kikombe cha chai iliyopoa, nikauona tena ua wetu wa zamani, kule kwenye nyumba za kampuni upande wa Shituru, siku nilipoleta kifo nyumbani ndani ya mfuko wa shule.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, mwaka wa kwanza wa sekondari, nikijiona msomi mkubwa kwa sababu niliweza kusema "par conséquent", yaani kwa hiyo, bila kucheka. Prof wetu wa Kifaransa alikuwa ametugawia karatasi yenye shairi la zamani sana, la mzungu mmoja aliyefiwa na mke. Mwanamume yule anazungumza na marehemu. Anamwambia kwamba kitanda kimetandikwa, taa imejazwa mafuta, mbwa bado anainua masikio mlango ukilia. Kisha, mwishoni kabisa, anamwomba asirudi. Swali lilikuwa moja: kwa nini mshairi hamtaji marehemu kwa jina, hata mara moja? Tujibu ukurasa mzima. Mimi nilikuwa nimepata mistari miwili, na mmoja ulikuwa jina langu.

Nikampelekea Kaku, mama mzazi wa baba. Alikuwa amekuja kutoka mkoa wa Kasai, mbali kwa treni, akiwa msichana, akimfuata mume aliyeandikwa kazi ya mgodi. Hakujua kusoma. Lakini kwenye matanga ya Wakasai wa mtaa wetu hakuna aliyemfikia. Walikuwa wakimwita aseme kasala, ule utenzi wa Kiluba unaomwita marehemu kwa majina yake yote, ya kuzaliwa, ya sifa na ya wazee wake, hadi hata mawe yajue ni nani ameondoka. Kama mjini kulikuwa na mtaalamu wa mashairi ya kifo, basi alikuwa ameketi nyuma ya nyumba yetu, akichambua maharagwe.

Lazima niwaambie jambo lingine hapa, msije mkacheka peke yenu. Kaku alikuwa na binti, shangazi yangu Ngalula. Aliolewa na mtu wa Kasai, akasitasita kwenda huko, na baba ndiye aliyemsihi aende, akamsindikiza mwenyewe hadi kwenye treni. Shangazi hakumaliza mwaka. Barua ya kifo chake ilitufikia mikononi mwa msafiri baada ya miezi minne. Kaku alitaka matanga. Baba alikataa: amekwisha kuzikwa, tutalia mbele ya nini? Tangu siku hiyo jina la Ngalula halikutajwa nyumbani, yapata miaka mitano. Mimi nilidhani ni sheria tu ya nyumba, kama ile ya kutopiga mluzi mezani.

Nikamtafsiria Kaku shairi, mstari kwa mstari. Alisikiliza huku akitupa vijiwe vya maharagwe.

"Ule bibi, jina yake nani?"

"Haiko mu karatasi, Kaku."

"Na baba yake?"

"Haiko."

"Ni wa kabila gani?"

"Mufaransa."

"Mufaransa wa wapi? Bafaransa bote ni mutu moya?" Akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni. "Na masomo yako yote, Kapinga, unaniletea maiti haina jina?"

Dharau ile iliniuma kuliko sifuri. Nikasema uongo. Nikasema jina lake Marie-Louise, binti wa Robert, mzaliwa wa kwanza, anayejua kupika. Kaku akainamisha kichwa kwa heshima, kama mtu aliyetambulishwa kwa mgeni.

"Haya. Sasa andika. Bwana wake hamuite jina juu kuko mutu mu ile nyumba anamukataza."

Nikaandika kwamba kuna mtu anayemkataza, nikairefusha hoja hadi ukurasa ukajaa, nikafurahi. Ningefunga daftari hapo, lakini Kaku alikuwa amekwisha kusimama na kukaza kitenge kiunoni. Alitaka kunionyesha jinsi Marie-Louise alivyopaswa kuliliwa. Kwa mfano tu, alisema.

Akaanza chini chini. Marie-Louise wa Robert. Marie-Louise wa mikono ya kupika. Nilibana pua nisicheke. Akamwita kwa mito ambayo yule Mfaransa hakuwahi kuiona, akamsifu kwa chui na kwa mvua, na sauti ikapanda, ikaruka ukuta. Sijui ni wapi alipomwacha Mfaransa njiani. Nakumbuka tu kwamba ungo wa maharagwe ulipinduka, naye hakuutazama.

"Ngalula," alilia, akimwita mwanawe kwa Kiluba. "Muana wanyi! Ngalula!"

Nikaiachia pua yangu.

Wa kwanza kufika alikuwa Mama Odia, jirani wa ukuta mmoja, mikono kichwani, machozi tayari. Kwetu huulizi. Ukisikia kilio unalia kwanza, habari utaipata baadaye. Nyuma yake wakaja wanawake sita, wakakaa chini karibu na Kaku. Wanaume wakaleta viti. Vijana wakaingia sebuleni na kuanza kutoa vitu nje ili wafiwa wapate nafasi, kama desturi inavyotaka, na kochi la mama likapita mlangoni kwa ubavu huku mzee mmoja akiwaamuru, "Pole pole, mutavunja mlango ya bantu!" Mimi nilisimama na karatasi yangu mkononi. Mara tatu nilifungua mdomo kusema ukweli. Mara tatu mtu akanipa pole.

Mama akarudi kutoka sokoni, akalikuta kochi lake chini ya jua.

"Nani njo alikufa?"

"Marie-Louise," alijibu Mama Odia, akipenga kamasi.

"Marie-Louise nani?"

"Wa Robert."

"Robert gani?"

"Eh, mama Kapinga, minye najua? Nilikuta banalia, na minye nikalia!"

Mama akageuka kunitazama. Nikainua karatasi. Hakuhitaji zaidi.

Ndipo tukasikia baiskeli ya baba ikianguka barabarani. Alikuwa ametoka kazini, akaona viti, akaona kochi, akajua mama yake amekufa. Aliingia mbio. Watu wakampisha wakimshika bega, naye akawapita hadi mbele, akamkuta Kaku mzima, ameketi, jina la Ngalula bado mdomoni.

Kaku akaacha kulia.

Mama akamsogelea baba. "Ni devoir ya mutoto, kazi ya masomo tu," alimnong'oneza. "Ambia bantu barudi kwabo."

Lilikuwa neno la kutosha. Baba angelisema kwa sauti, watu wangetucheka mwaka mzima, na Kaku angeokota maharagwe yake. Kaku alimtazama mwanawe bila kumwomba kitu. Mama Odia, ambaye hakupenda kulia gizani, akauliza, "Pole, baba Kapinga. Marehemu ni nani kwenu?"

Baba akavua viatu. Akaketi chini, magoti juu, kama mfiwa.

"Ni dada yangu," alisema. "Ngalula. Ni minye nilimupandisha mu treni."

Mama Odia, aliyekuwa amekwisha kumlilia Marie-Louise hadi kukauka, akaanza upya.

Watu walikaa hadi jioni. Maharagwe yalipikwa kwa ajili yao wote, vijiwe vilivyosalia vikiwemo.

Prof alinipa nne juu ya kumi. Kwa wino mwekundu aliandika: nani anamkataza? Onyesha mstari. Nilimnunia Kaku miezi, nikimkumbusha zile nne kila nilipotumwa maji, naye alicheka: "Prof yako haina na mama?" Sikuelewa. Ilinibidi nikue ndipo nione kwamba swali la Prof lilikuwa juu ya shairi, na Kaku alijibu juu ya nyumba yetu. Na kwamba kwa miaka mitano hakuna aliyekuwa amemuuliza lolote kuhusu wafu, hadi alipokuja mtoto mvivu anayetafuta pointi.

Kaku alikufa nilipokuwa nimemaliza sekondari. Wazee wa Kasai walikuja, hata wengine kutoka Mulungwishi, na mwanamke mmoja nisiyemfahamu akasimama kumsemea kasala. Alimwita kwa majina kumi na moja. Nilihesabu, kwa sababu hakuna hata moja nililolijua. Nilikuwa nimelala kitanda kimoja naye utoto wangu wote, nikimwita Kaku, yaani bibi, basi. Nikainama kwa Mama Odia, nikamuuliza lile la tatu lina maana gani, na la nne je.

"Nyamaza, mutoto," aliniambia. "Weye njo ulikuwa wa kumuuliza."