Chupa Tatu za Maji ya Kijito

Nianze na ujinga wangu mwenyewe kabla shemeji yangu hajausimulia yeye, maana yeye huongeza chumvi. Nilipewa kazi ya kuwavizia watu waliokuwa wakimwaga sumu kijitoni, na kila mwezi, siku moja kabla ya kuwavizia, nikawa nakwenda kwao kupiga hodi.

Kazi yenyewe niliipata kwa sababu ya kupenda kukaa nyumbani. Miaka hiyo, huku kwetu upande wa Galula, wanaume wenye nguvu walikuwa mashimoni wakitafuta dhahabu, wenye akili walikuwa Tunduma wakivusha mali, na mimi nilikuwa barazani kwangu natengeneza redio ambayo haikuwa imeharibika. Mkutano wa kijiji ulipotafuta mtu wa kamati ya mazingira, ajuaye kuandika na asiyesafirisafiri, mke wangu alinyoosha mkono kwa niaba yangu.

"Huyu hapa. Ana kidato cha nne na hana pa kwenda."

Plenti, yaani mtambo wa kusafishia dhahabu, ilijengwa juu kidogo ya kijiji. Pale walileta marudio, yaani udongo ambao wachimbaji wadogo wameshausafisha na zebaki, wakauloweka kwenye matangi ya sayanaidi ili kukamua dhahabu iliyobaki. Maji machafu yalipaswa kukaa bwawani, ndani ya uzio. Lakini nyuma ya uzio palikuwa na bomba, bomba limetazama kijito, na huko chini kijito kinapita kwenye bustani ya jirani yangu.

Jirani huyu ni mjane, ukoo mmoja na mke wangu, kwa hiyo ni shemeji, na ulimi wake ni wa shemeji hasa. Mchicha na figiri za bustani ile ndizo zilizosomesha watoto wake. Alichota kijitoni kwa ndoo, akamwagilia, akanywa humohumo. Msimu ule majani yakaanza kuungua pembeni kama yamepitishwa juu ya moto. Kisha bata wake wakafa, wote, siku moja.

Bwana wa maji kutoka wilayani akanipa chupa tatu, boksi la barafu na vikaratasi vinavyobadilika rangi vikichovywa penye sumu. Chupa ya kwanza nijaze juu ya plenti, ya pili mdomoni mwa bomba, ya tatu bustanini kwa shemeji. "Siku yoyote utakayo," akasema, "na usimwambie mtu." Nikaitikia kama msomi.

Sasa, kulifikia lile bomba ni lazima upite nyuma ya uzio. Na kwetu mtu anayepita nyuma ya boma la watu bila hodi, ama ni mwizi ama ni mchawi. Sikutaka kuitwa lolote kati ya hayo huku nimeshika chupa. Basi nikavaa shati safi, nikaenda getini.

"Hodi, wenyewe!"

Akatoka msimamizi, kijana mgeni, mcheshi. "Karibu, mzee wangu! Shikamoo."

"Marahaba. Kesho nitapita hapo nyuma na vichupa vyangu, msije mkanifungulia mbwa."

"Mbwa tutawafunga, mzee. Saa ngapi hiyo?"

Nikamtajia saa. Nikanywa chai yao, nikala chapati mbili, nikarudi nyumbani nikiwasifu wazazi wake kwa malezi.

Kesho yake bomba kavu, kijito kimetulia, vikaratasi vyote vitatu rangi ileile. Hivyo hivyo mwezi wa pili, wa tatu, wa nne. Majibu yakaja: hali ya maji inaridhisha. Nikaanza hata kumshuku shemeji kwamba mbolea anaizidisha.

Siku ya mkutano wa kijiji alikuja na beseni la mchicha ulioungua. Mtendaji akamsomea majibu, sahihi yangu ikiwa chini, imejikunja vizuri. Akaongeza kwamba, kwa kuwa maji ni salama, plenti inaomba eneo la kujenga tangi jingine. Shemeji akasimama.

"Hilo bomba linatema kila siku ya Mungu. Siku moja tu kwa mwezi linafunga mdomo, siku ambayo shemeji yangu anakuja na chupa zake. Mimi naishi pale, naona. Nani anawaambia?"

Ningeweza kunyamaza. "Mimi," nikasema. "Huwa nawapigia hodi."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mke wangu alijifunika uso kwa kitenge. Mzee mmoja akauliza, "Na chai wanakupa?"

"Na chapati mbili."

Nilicheka nao. Kisha nikamtazama shemeji. Hakuwa anacheka; alikuwa amelikumbatia lile beseni kama mtoto mgonjwa. Hasira ikanipanda, kwanza juu yangu, halafu juu ya yule kijana aliyeniamkia kwa heshima zote huku akiniuliza saa. Alijua kabisa nani anayanywa yale maji.

Siku tatu baadaye, jua la utosi, nilikwenda bila hodi, shemeji akiwa shahidi. Bomba lilikuwa linatapika maji meupe yenye harufu ya kukereketa koo. Karatasi ya juu ya plenti ilibaki na rangi ya mahindi. Ya bombani ikawa buluu kama wino. Ya bustanini, buluu pia. Nikajaza chupa, nikaandika siku na saa, nikapanda bodaboda mpaka wilayani nimepakata boksi la barafu. Kwa mtu kama mimi hiyo ni safari ya Ulaya.

Wiki kadhaa zikapita, nikaitwa ofisini. Nikavaa koti. Bwana wa maji akanipa barua huku anatazama sakafu. Sampuli haikupokelewa, kwa kuwa mwenye mtambo hakupewa taarifa ya siku na saa, kama ulivyo utaratibu uliozoeleka.

"Lakini ni wewe uliyeniambia nisimwambie mtu!"

"Ni mimi. Ila wao wameleta kitabu cha wageni cha getini. Kila mwezi umesaini, mzee. Wakubwa wameona huo ndio utaratibu."

Ni kweli nilisaini, tena kwa mwandiko mzuri. Nikaisoma barua mara tatu nikitafuta mahali walipoandika kwamba maji ni safi. Hapakuwepo. Rangi ya buluu hawakuikana, bata hawakuwataja. Kosa lililoandikwa pale lilikuwa moja tu, kwamba mimi sikupiga hodi. Mtu anamwagiwa sumu kwenye ndoo yake ya kunywa, na ofisi nzima inakaa kikao kujadili adabu za mpimaji!

Nilishuka kwenye bodaboda moja kwa moja bustanini. Shemeji alikuwa anang'oa miti ya uzio wake, anaisogeza juu mlimani, mbali na kijito. Nikamsomea barua nimesimama, kila nikifika kwenye neno "utaratibu" napaza sauti. Nikaapa nitaandika mkoani, nitaandika wizarani, nitaandika mpaka kalamu iombe msamaha. Akaniacha nimalize. Akatema mate pembeni, akasema:

"Andika, shemeji, lakini figiri hazinywi barua. Vua hilo koti ushike jembe, kisima cha huku juu utanichimbia wewe."