Kikapu Nusu cha Pareto

Mwanangu, siku niliyofukua samadi kwa mikono yangu miwili naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu. Nakusimulia kwa sababu umesema unakwenda ng'ambo kusomea bangi ya dawa, kutafuta mmea wenye kwa wingi kile kitu ambacho mimea mingine inacho kidogo tu. Shangazi zako wamecheka. Mimi sikucheka. Kazi hiyo naifahamu, ila sisi tuliifanya kwa pareto.

Nilikuwa binti wa miaka ishirini, kibarua kwenye shamba la majaribio huku juu Meru. Soko lilikuwa limefunguliwa, wanunuzi binafsi wamekuja, nao hawakutaka wingi wa maua, walitaka ile sumu ya wadudu iliyomo ndani yake. Mzee Kaaya, msimamizi wetu, alikuwa amechagua mashina kwa miaka minne, kila shina na kibati chake cha namba. Tulichuma maua ya kila shina peke yake, tukayakausha, yakapelekwa kupimwa.

Shina namba arobaini na moja lilikuwa dogo, halivutii. Maua yake hayakupita nusu kikapu. Nami nimelelewa na mama muuza maharage, aliyenifundisha kwamba kumpa mtu kipimo kisichojaa ni aibu. Nikaongezea maua ya shina la jirani mpaka kikapu kikajaa, nikajiona nina adabu kweli.

Majibu yakarudi kwamba arobaini na moja halina kitu. Asubuhi ile mzee akaling'oa, akalitupa kwenye lundo la samadi. Alikaa amekishika kile kibati, akasema, "Hili nililiamini." Moyo uliniuma. Ningenyamaza, nani angejua? Mchana nikamfuata.

"Shikamoo, mzee. Kikapu kile nilikijazia mimi."

"Marahaba." Hakufoka. "Ulimwonea aibu nani, binti yangu? Nilitaka maua ya shina moja, wewe ukaniletea kikapu kizuri. Haya, nenda kalitafute."

Nilifukua mpaka kucha zikatoka damu. Nikapata vipande vitatu vyenye mizizi, nikavipanda. Viwili vilikufa. Cha tatu nilikimwagilia kila siku, hata Jumapili kabla ya ibada, na watu wakinisema. Msimu uliofuata kilitoa maua machache, hata robo kikapu hayakufika, nikayapeleka hivyo hivyo. Majibu yakarudi kwamba shamba zima hakuna shina lenye sumu nyingi kama lile.

Basi huko uendako, ukipewa mmea mmoja, upime huohuo. Kikapu kikiwa nusu, andika nusu, hata bosi wako akikunja uso. Na ukikosea, sema siku hiyohiyo, kisha ukafukue mwenyewe, usimtume mtu.

Mungu akupe jicho la kuona mmea usiovutia, na mdomo usioogopa kusema kikapu hakijajaa. Ile pareto pale dirishani imetokana na kile kipande. Chuma ua moja uende nalo. Moja tu, mwanangu, usiongezee.