Jiwe la Ayeeyo liko kabatini, jina lake haliko

Leo nimekutana na jiwe la nyumbani kwetu ndani ya kabati la vioo!

Darasa letu lilitembelea makumbusho ya chuo kikuu, hapa Garissa. Kibao kilisema: "Mfupa wa kale uliogeuka jiwe. Mgunduzi: Profesa."

Mgunduzi?

Ayeeyo, nyanya yangu, ndiye aliyeliokota akichunga ngamia. Kwa miaka mingi lilikandamiza mikeka ya nyumba yetu ili upepo usiibebe. Profesa aliligundua akinywa chai kwetu.

Profesa mwenyewe ndiye aliyekuwa akitutembeza. Nikanyoosha mkono. "Profesa, naomba jina la Ayeeyo liandikwe pia."

Wenzangu wakacheka. Profesa akatabasamu kwa huruma. "Binti, ugunduzi una taratibu zake."

Baadaye akaniita pembeni, sauti imeshuka. "Nyanya yako aliuokota wapi hasa? Bila kujua mahali, mfupa huu hautusaidii katika utafiti."

Semeni wenyewe, ningefanyaje? Nikampigia Ayeeyo simu palepale, nikamweleza yote, nikaweka spika.

"Wallahi, nakumbuka hata mti uliokuwa karibu," akasema. "Lakini kwanza aandike jina langu. Na asikosee jina la baba yangu."

Profesa akajipapasa mifukoni akitafuta kalamu.

Nikampa yangu.