Bundi wa Kiooni na Mmea wa Beseni

Fundi wa kukausha ndege pale makumbusho alikuwa na adui mmoja tu duniani, nao ni unyevu. Majirani walimwita Mzee Pamba kwa sababu ya pamba aliyowajazia ndege wake, naye hakuona ubaya. Fahari yake ilikuwa bundi wa mwisho wa aina iliyokwisha kutoweka. Waliokuja kumtazama walishusha sauti mbele ya kioo, utadhani wamefika msibani.

Mkewe alikuwa mtunza bustani ya mimea, na kipenzi chake hakikushushiwa sauti na mtu. Kilikuwa mmea-ini, vijani bapa vinavyolala juu ya jiwe, bila ua wala mbegu. Duniani ulibaki kwenye korongo moja tu, pamoja na kipande ambacho mke alikilea ndani ya beseni bafuni. Kila jioni walitaniana.

"Wako ana macho, ndiyo maana analiliwa," mke alikuwa akisema. "Wangu hauna, basi utakwisha kimyakimya."

Halafu mke akaugua, na madaktari wakamrudisha nyumbani kwa kuwa hawakuwa na la zaidi la kufanya. Mzee Pamba akamtunza kwa namna aliyoijua. Alifunga mapazia jua lisimpige, akapangusa vumbi, akawa anamtazama kutoka mlangoni bila kumgusa. Beseni nalo alilihamishia penye upepo, lisije likaota kuvu. Vijani vikajikunja vikawa rangi ya chai.

Siku mke alipotaka kuuona mmea wake, Mzee Pamba alimletea beseni akiwa ameinamisha kichwa. Mke akavigusa vile vijani. Mzee akajitetea kwamba hata bundi amedumu kwa kuwekwa pakavu.

"Bundi amekwisha, mume wangu, huwezi kumkosea tena," mke alisema. "Huu bado upo. Na mimi bado nipo. Usinikaushe kabla sijafa."

Ukweli ni kwamba Mzee aliogopa. Maisha yake yote alivipokea viumbe vikiwa vimeshakufa. Hakuna hata kimoja kilichowahi kumfia mikononi.

Alifungua mapazia na dirisha, akaunyunyizia mmea maji kwa vidole. Kisha akaleta maji ya uvuguvugu, akaketi kitandani, akamwosha mkewe uso, shingo na mikono, taratibu, shuka ikilowa chapachapa. Machozi yalimtoka, hakuyafuta.

Mke akamwambia maji yamepoa. Mzee akainuka kwenda kuongeza ya moto.