Kiti Changu cha Besi

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu ni ile niliyoanguka na gitaa sokoni Nyaramba, mchana, mbele ya watu. Nakuandikia habari yake, mjukuu wangu, kwa sababu juzi baada ya harusi ile ya Nyanchwa ulinifuata nyuma ya hema ukaniuliza kwa nini napiga besi nikiwa nimekaa, kama ni uzee. Nilikujibu kwa mkato. Halafu ukasogea ukaniambia kwa sauti ya chini kwamba nawe hospitali wamekukataza kusimama kwa muda mrefu, na kwamba wenzako wa bendi umewaambia unaacha gitaa kwa sababu ya masomo. Maneno hayo nimekaa nayo tangu siku hiyo. Mimi shule niliachia darasa la nne, kwa hiyo usitafute hapa maneno makubwa. Keti usome.

Kwetu ni Manga, upande ule mlima unapokatika ghafla na kuachia bonde. Kaka yangu Ogeto alikuwa na bendi. Tulipiga harusini, harambee na siku za soko, umeme wetu ukiwa wa jenereta iliyopiga kelele kuliko sisi. Mpiga besi wa kwanza alikuwa kijana jirani, na kwa vile nilikuwa namsumbua kila jioni anifundishe, alipokwenda Kericho kuchuma majani chai gitaa lake aliniachia mimi. Hakuiachia bendi, aliniachia mimi. Likumbuke hilo, litakuja mbele.

Msichana kushika besi siku zile lilikuwa jambo la kusemwa kisimani. Mama yangu, Msabato wa kweli kweli, aliliombea mpaka akachoka, kisha akasema mradi Sabato gitaa lisiguswe. Basi nikapiga. Na nilijua kupiga, sitajifanya. Watu hawaisikii besi mpaka inyamaze, lakini miguu yao inaisikia. Nilipenda kutazama miguu ya watu ikinifuata bila wao kujua ni nani anayeiongoza.

Sasa nyonga. Nikiwa msichana mdogo niliteleza na mkungu wa ndizi kwenye kijia cha kuteremka mtoni, nikaangukia upande wa kushoto. Nilipona, au tuseme nilinyamaza. Kadiri nilivyokua na kusimama na lile gitaa begani (na gitaa la besi ni zito, wewe wajua), ule upande ulianza kuniuma, ukaendelea kuniuma, na mimi nikaendelea kuficha. Nilijifunza kuegemea spika kama mtu anayejidai. Nilijifunza kucheka maumivu yakija, ili uso usinisaliti. Wenzangu wakamwambia Ogeto siku hizi dada yake ana madaha.

Siku ile ya Nyaramba nyonga ilikataa. Tulikuwa katikati ya wimbo, watu wamechangamka, akina mama wa mboga wameacha mboga zao, na mguu wa kushoto ukatoka chini yangu kama si wangu. Nilianguka na gitaa juu. Shingo yake ikagonga spika, spika ikalia mlio wa kutisha, halafu kukawa kimya. Katika kile kimya mwanamume mmoja akasema, taratibu kabisa, "Huyu binti wa Wasabato amelewa."

Soko zima lilicheka. Mwanangu, nilikuwa sijaonja pombe hata ya kulamba.

Ogeto alinibeba mgongoni. Hospitalini Kisii daktari alinipiga picha, akanionyesha mfupa wangu wenyewe kwenye mwanga wa dirisha, akasema nyonga imelika na haitarudi ilivyokuwa. Nitembee na fimbo. Nisibebe mizigo. Nisisimame muda mrefu. Mama alilia, ingawa nadhani upande mmoja wa moyo wake ulishukuru kwamba sasa gitaa limekwisha.

Na kweli niliona limekwisha. Ogeto alikuja jikoni nikiwa namenya ndizi, akachuchumaa karibu yangu, akazungumza nami kwa upole. Upole wake ndio ulionimaliza. Alisema nipumzike, kuna harusi kubwa hapo hapo Manga baada ya mavuno, na kuna kijana mjini anayejua besi ila hana gitaa, kwa hiyo atakuja kulichukua langu. Nikamuuliza, nikitazama ndizi, kama sitaweza kupiga nimekaa.

Alicheka kidogo, si kwa ubaya. "Ukae mbele ya bibi harusi? Watu watadhani tumekuja matangani."

Nikakubali. Hapo ndipo nilipokosea, mwanangu. Kuanguka hakukuwa kosa. Kosa langu lilikuwa kukubali neno lile kwa sababu lilisemwa na mtu anayenipenda.

Gitaa likaning'inia ukutani. Nami nikawa mtu wa jikoni.

Jirani yetu alikuwa mzee Nyabuto, mdogo wake babu yangu, ambaye sisi tulimwita sokoro kama tulivyomwita babu mwenyewe. Huyu alikuwa mpigaji wa obokano, kile chombo chetu kikubwa cha nyuzi nane, chenye sauti nzito inayotoka kama chini ya ardhi. Mama alitukataza kukikaribia. Alisema ni chombo cha vilabu vya pombe na cha watu wasiomjua Mungu, na ndivyo watu wa kanisa walivyofundishwa. Kwa hiyo nilikua ng'ambo ya ua wa mtu aliyepiga besi kabla ya mimi kuzaliwa, na sikuwahi hata kumtazama mikono.

Siku moja mama alinituma nimpelekee uji. Nilimkuta nje ya nyumba yake, amekaa kwenye kigoda, obokano mbele yake chini, anakaza nyuzi. Nikaweka uji, nikageuka niondoke, fimbo mkononi.

"Mke wangu," akaniita. Ndivyo babu zetu walivyotutania. "Nasikia gitaa lako limekufa."

"Halijafa, sokoro. Ni miguu yangu imekataa kusimama."

"Kwani unapiga kwa miguu?"

Akaendelea na nyuzi zake kana kwamba ameuliza bei ya mahindi. Nikamweleza alivyosema Ogeto, habari ya bibi harusi na matanga. Aliponisikia aliweka obokano kando, na sura yake ikabadilika. Sijui kama umewahi kugombezwa na mzee ambaye hapandishi sauti. Unatamani apandishe.

"Mimi nimepiga harusi za hapa mpaka Nyamira yote," akasema. "Baba yako alipooa, nilipiga. Umewahi kusikia nimesimama? Mtu wa obokano ukimwona amesimama, jua anakwenda kukojoa. Anayesimama ni mchezaji. Mpigaji anakaa, na watu wanamzunguka. Nani aliyewafundisha kwamba kukaa ni ugonjwa?"

Nikasema kwamba bendi zote husimama.

"Bendi zote," akasema. "Na wewe umezaliwa na bendi zote?"

Kisha akaniambia nilete gitaa. Nikaenda nikalileta, polepole, mama akinitazama kutoka mlangoni. Sokoro akanipisha kigoda chake. Nilipokaa, magoti yakaja karibu na kidevu, nyonga ikapiga kelele, na kuinuka nikashindwa. Ilibidi anivute, naye hana nguvu, tukabaki tunavutana pale uani tukicheka mpaka mama akaja kututenganisha. Nilikuwa sijacheka tangu Nyaramba.

"Kigoda hiki ni cha mwili wangu," akasema akihema. "Nenda ukachongewe cha mwili wako."

Nilikwenda kwa seremala wa Nyaramba, soko lile lile lililonicheka, nikakaa juu ya kila kiti alichokuwa nacho mpaka akachoka nami. Nikamwambia nataka kirefu, nyonga isikunjike, na ubao wa kukalia uinamie mbele kidogo, na pasiwe na mikono ya kuzuia gitaa. Alinichongea cha mkaratusi. Akaniuliza ni cha kazi gani, nikamwambia ni cha besi, akatingisha kichwa. Nilipojaribu nyumbani, gitaa likalala juu ya paja lenyewe na bega likapumzika. Nilipiga mpaka vidole vikachoka kabla ya nyonga. Hilo halikuwahi kutokea.

Ogeto alipokuja kuchukua gitaa alinikuta nimekikalia. Nikamwambia harusi ya Manga nitapiga mimi, nikiwa nimekaa hivi. Akasema tusirudie maneno. Nikamwambia gitaa niliachiwa mimi, na halitoki kwenye mlango huu bila mimi.

Alikasirika, na kaka yangu si mtu wa kukasirika. Alizunguka ua wote. Mwishowe akasimama akanyoosha kidole. "Uje basi. Lakini watu wakicheka, hiyo ndiyo mara yako ya mwisho na bendi yangu. Tumeelewana?"

Nikasema tumeelewana. Usiku huo niliogopa, sitakudanganya. Nilikuwa nimelitundika jina langu kwenye kicheko cha watu, na kicheko cha watu nilikuwa nakijua.

Siku ya harusi vyombo vilitangulia na pikapu. Kiti nilikibeba mwenyewe kichwani, fimbo mkononi, kwa kile kijia cha mlimani. Najua daktari alikataza mizigo, usinisahihishe. Kila nilipochoka nilikishusha nikakikalia, na watu wa harusi wakapita wakinisalimia, wakidhani nauza viti. Nilipofika Ogeto akanionyesha mahali nyuma ya spika, nisionekane. Nikakiweka mbele, karibu na ngoma. Akanitazama. Nami nikamtazama.

Nilijifunga leso vizuri magotini, nikapakata gitaa. Mwanamke mmoja wa upande wa bwana harusi akawaambia wenzake, nami nasikia, "Huyu amekuja kupiga gitaa au kuchambua chinsaga?" Kweli mboga zetu huchambuliwa kwa kukaa hivyo hivyo, kitu mapajani. Wenzake wakaanza kucheka. Kicheko kikaanza kutembea kwenye umati kama nilivyokijua. Ogeto akainamisha kichwa juu ya gitaa lake la solo.

Hapo nikaona watu wanapisha. Sokoro Nyabuto alikuwa anakuja katikati yao na koti lake la zamani, bila obokano, bila chochote ila kile kigoda. Hakuniangalia. Alikiweka kigoda kando ya kiti changu, mbele ya wageni wote, akakaa, akaweka mikono juu ya magoti kama mtu aliyefika kazini. Sasa waliokaa tukawa wawili, na mmoja wetu alikuwa mzee ambaye kila mtu pale alijua alipiga harusi za wazazi wake. Yule mwanamke akashusha macho.

"Piga," akaniambia. "Nimetoka mbali."

Alikuwa ametoka ng'ambo ya ua wetu tu. Nikapiga.

Besi yangu siku ile haikuwa na haraka. Nilikuwa nimezoea kupiga huku nahesabu ni muda gani umebaki kabla ya mguu kukataa, na sasa sikuwa na cha kuhesabu. Ogeto aliisikia kabla ya watu. Aliinua kichwa, akageuka, akaniletea solo yake karibu. Wazee ndio walioanza. Walitoka kwenye viti vya heshima wakaja wakatuzunguka, mabega yakitikisika, jinsi walivyolizunguka obokano wakiwa vijana, na wake zao wakawafuata, na yule wa chinsaga akafuata. Tulizungukwa mpaka nisione bibi harusi yuko wapi. Babu yenu, Mungu amlaze mahali pema, alikuwa mmoja wa waliocheza siku hiyo. Alisema baadaye alinioa kwa sababu nilikuwa mtu pekee aliyetulia pale.

Ogeto hakuniomba msamaha, nami sikumdai. Ila safari iliyofuata, walipokuwa wanapakia pikapu, alichungulia mlangoni kwetu na hata kabla ya kunisalimu akauliza, "Kiti kiko wapi?"

Kile kiti ndicho ulichoniona nacho Nyanchwa. Miguu imebadilishwa, ubao wa kukalia ni ule ule.

Sasa nakuambia wewe. Rudi kwa wenzako wiki hii uwaambie ukweli. Si masomo, ni mwili. Niliyaficha maumivu yangu nikidhani nalinda nafasi yangu, nayo yakanitupa chini sokoni. Ukisema mapema, unachagua mwenyewe jinsi utakavyokaa. Usipigie nyuma ya spika. Mtu akikuhurumia kwa upole na kukuambia pumzika, mshukuru, halafu ujiulize kama ni kweli, kwa maana wanaotupenda nao hukosea. Tafuta kiti cha mwili wako, si cha mwili wa mtu mwingine, hata kama ni wangu, na ukasumbue seremala mpaka akichonge sawa. Dawa zako umeze. Miadi ya daktari usiruke. Na usingoje upone ndipo upige, kwa maana mimi sijapona mpaka leo, na nimepiga maisha yangu yote.

Vidole vyako visikauke, mwanangu. Mungu akupe mahali pa kukaa mbele ya watu bila aibu, na siku watakapoanza kukucheka, akuletee mtu wa kuja na kigoda chake akae kando yako. Akikosekana, nitumie boda boda. Nitakuja na changu.