Asumini ya mama iliyolala baridi nzima, na dili nililopigwa na jirani

Wakuu, assalaam aleikum. Haya niliyaona kwa macho yangu, na kila nambari mtakayoikuta humu nimeihesabu mara mbili. Chumvi sikutia.

Tulifika Muscat kutoka Unguja mwaka 1964: mama, dada yangu Salha na mie, kijana wa miaka kumi na tisa. Katika mizigo yetu kulikuwa na debe la samli lenye mche wa asumini. Safari nzima mama alilikumbatia debe lile, mie nikajikumbatia mwenyewe.

Tukaliweka ndani, chini ya dirisha la ukumbi. Joto la Muscat likaupenda mche ule, ukatoa maua nyumba ikanukia mpaka mlangoni.

Salha akapata mchumba. Harusi ikapangwa Aprili.

Mama akatoa sharti moja tu: mwanawe hatoki bila ya kikuba cha asumini kifuani na koja nyweleni. Yeye alitoka hivyo, na mama yake hivyo hivyo. Nyumba tumeiacha, alisema, hilo hatuliachi.

Kazi hiyo inataka maua arubaini. Na mtaa mzima asumini ilikuwa yetu peke yake.

Ikaingia Disemba. (Msinicheke, baridi ya Muscat kwa mtu wa Unguja ni baridi. Nilivaa sweta mbili.)

Majani yakaanza kupukutika. Nilihesabu yaliyobaki: mia na kumi na mbili. Wiki mbili baadae, thelathini na moja. Nikarudia kuhesabu. Thelathini.

Mama akawa anamwagia maji asubuhi na jioni, na makapi ya chai juu yake. Mche ukazidi kuwa mweusi.

Nikamwita jirani, Khalti Zuwena, mjane aliyekulia mashambani upande wa Al Khoudh. Huko kwao asumini zipo, lakini kwa punda wa zama zile ua lingefika limeshanyauka. Alisema Kiarabu tu, mama hakijui, mie nikawa mkalimani. Nakileta kwa Kiswahili.

Akauparura mche kwa ukucha. Ndani kijani.

"Haujafa huu. Umelala."

"Kwetu asumini hailali, khalti."

"Kwenu kuna baridi?"

Nikavuta sweta zangu.

"Nitauamsha kabla ya Aprili," akasema. "Nusu ya maua ya mwanzo yangu."

Hapo ndipo damu ilipochemka. Mie mtu wa soko la Matrah, nauza vitambaa, niambiwe nusu nikubali? Nikasema robo. Akainuka kuondoka. Nikasema thuluthi. Akakaa.

Mama akaniangalia. "We Seif, maua ya dada yako unayagawa kama karanga?"

Masharti ya khalti: maji ya kujaa kikombe kimoja cha kahawa, kila siku kumi. Mbolea hapana. Mwangaza wa dirishani, mbali na upepo. Basi.

Baada ya wiki tatu akaja kukagua. Akatia kidole kwenye udongo, akakitoa kimeloa mpaka kwenye fundo.

"Nani kati yenu?"

Nikafasiri. Mama akatazama dari. Kisha akasema, "Mie kidogo tu. Ulikuwa na kiu."

Salha akasema, "Na mie."

Wakuu, na mie. Kila alfajiri kabla ya kwenda dukani. Watu watatu, kila mmoja anamficha mwenzake, tunauzamisha mmea mmoja.

"Nusu," akasema khalti, akajitwisha debe akaenda nalo kwake.

Mwisho wa Februari akatuita. Alikuwa ameyakata matawi mpaka yakabaki vijiti. Mama alitaka kulia. Khalti akatia udongo mpya na samadi kuukuu ya mbuzi, akalisogeza debe juani, maji akayaongeza kidogo kidogo.

Siku ya kumi na moja, chipukizi. Machi, majani. Wiki ya harusi, vitumba vyeupe.

Siku yenyewe alasiri nikahesabu vilivyokuwa tayari kuchumwa: hamsini na nane. Mara mbili. Nusu yetu, ishirini na tisa.

Yamepunguka kumi na moja kufika arubaini.

Mama hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Akakaa mkekani na majani yake ya mrehani, akaanza kutunga koja, kikuba akakiacha.

Mara mlango ukagongwa. Khalti Zuwena, na kitambaa kibichi mkononi. Ndani, maua yake ishirini na tisa, hakuna lililoguswa.

Akaniambia, "Mwambie mama yako anifundishe kutunga. Toka mmekuja namuona dirishani, hatoki, haongei na mtu. Nusu ile niliitaka nipate sababu ya kukaa naye."

Nikafasiri. Mama akasogea, akampisha mkekani.

Salha alitoka na arubaini yake kamili. Yaliyobaki kumi na nane khalti akajitungia kikuba chake mwenyewe, kimekwenda upande, akakivaa harusi nzima. Tangu siku ile mama akawa hakai nyumbani, kutwa yuko kwa Zuwena.

Nilichojifunza: mmea uliolala usiunyweshe kwa huruma. Na ukipigwa dili, kwanza jua mwenzako ananunua nini.

Kipande cha asumini ile nnacho hapa Mabela, kimelala sasa hivi. Kina majani arubaini na mbili. Nyie mnazilazaje zenu na hizi AC? Semeni, ila anayesema maji kila siku nitamjua ni wa kwetu.